Doti Moja ya Merikani

Mchungaji wa usharika wa nyumbani alinipigia simu asubuhi moja nikiwa Uyole, nimekaa uani nachambua maharage. Alisema baada ya Pasaka watakuja wageni, Wamarekani weusi, waumini wa kanisa ambalo limekuwa na urafiki na usharika wetu kwa miaka mingi. Safari hii hawakutaka kupelekwa kuona kisima wala darasa walilochangia. Kwao wana siku ya kuwakumbuka mababu zao waliovushwa Bahari ya Atlantiki wakiwa watumwa, na mwaka huu walitaka kuwakumbuka pamoja nasi, kijijini.

"Kila ukoo usome ukurasa mmoja," mchungaji alisema. "Mtu wao aliyechukuliwa, alichukuliwaje. Wewe umezoea kuhoji watu, na Kiingereza unakijua. Njoo utuandikie, na siku yenyewe ututafsirie."

Nilikubali kabla hajamaliza. Nimefanya kazi ya redio Mbeya kwa zaidi ya miaka ishirini, na tangu nistaafu watu ninaowahoji ni wauza mbolea tu, nao hawajibu ninachouliza. Nikatafuta kinasa sauti changu cha zamani, nikanunua betri na daftari, nikapanda basi hadi Ipogolo, Iringa. Nilipumzika kwa mdogo wangu, kesho yake nikaendelea hadi kijijini kwetu, karibu na Idodi, kwenye barabara ambayo magari ya watalii huipita yakienda hifadhini na kutuachia vumbi.

Kikao cha kwanza kilifanyika ofisi ya usharika. Mwalimu mmoja mstaafu aliyefundisha historia alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mchungaji, mimi nina swali. Watu wetu walipelekwa pwani, mashariki huko. Hawa wageni wetu ni wa magharibi. Tunaadhimisha nini hasa?"

"Bahari ni mbili, Mwalimu," mchungaji akajibu. "Mnyororo ni mmoja."

Watu wakaitikia kwa kichwa. Jibu lilikuwa zuri, lakini swali lilikuwa zuri zaidi, na niliandika yote mawili. Nimewahi kusoma kwamba meli nyingine za pwani ya kusini zilizunguka bara zima kupeleka watu upande ule wa pili, lakini hakuna kinachoonyesha kwamba mtu wa bonde letu alikuwamo. Chini ya ukurasa nikajiwekea sharti: tusidai tusichokijua.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba kwa wiki nzima. Kazi hiyo niliipenda. Nilikuwa nafika asubuhi watu wakiwa bado hawajaenda mashambani, tunaamkiana "kamwene", napewa kigoda, nawasha kinasa sauti na kukiweka juu ya kinu au ndoo iliyofunikwa. Mzee mmoja alisimulia juu ya ndugu wa babu yao aliyekwenda kurina asali na mzinga ukapatikana umeanguka, mwenyewe hayupo. Nyumba nyingine walikuwa na dada wawili waliotumwa kwa mjomba wao na hawakufika. Mama mmoja aliniambia kwamba kwao mtoto akiitwa na mtu asiyemwona haitikii, hata leo, hata aitwe mara tatu. "Bibi yetu mmoja aliitikia," alisema.

Siku ya nne nilipokuwa napanga kurasa zangu niligundua jambo lililonikaa vibaya. Kila nyumba ilikuwa na aliyechukuliwa. Hakuna nyumba hata moja iliyokuwa na aliyechukua, wala aliyeuza, wala aliyewauzia chakula wachukuaji. Ungesoma kurasa zile ungedhani watu wale walichukuliwa na upepo.

Ukurasa wa kwetu alinisomea baba mkubwa, kaka yake marehemu baba yangu. Ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Kwa miaka mingi alikuwa mwenyekiti wa mfereji wa umwagiliaji, na hajaacha kuzungumza kama mtu anayegawa maji: taratibu, kila mtu zamu yake. Alisimulia habari za kaka wa babu wa babu yake, kijana mwenye nguvu, aliyebebeshwa pembe na msafara uliopita bondeni, asirudi. Niliandika. Ulikuwa ukurasa mzuri, na pengine ni wa kweli.

Nyumba niliyoiacha ya mwisho ni ya mtani wetu.

Ni mama wa miaka sabini na kitu, mjane, analima vitunguu. Ukoo wake na wetu ni watani tangu kabla sijazaliwa. Kwenye misiba ya kwetu wao ndio wanaochimba kaburi na kuosha maiti, na wao ndio wenye ruhusa ya kutukana wafiwa mpaka wacheke. Siku tuliyomzika baba yangu, kaburi lilipokuwa tayari, mama huyu alishuka ndani akalala chali, kanga imefunika uso, akakataa kutoka.

"Sitoki! Mmeninunua kwa doti moja ya merikani, na kaburi mnataka nichimbe bure? Mzikeni juu yangu!"

Watu wote walicheka, hata mama yangu aliyekuwa hajala siku mbili. Tulimrushia sarafu na kuku mmoja, akatoka akijipangusa udongo na kutuita mabwana mabahili. Maneno ya ile doti ya merikani nimeyasikia kwenye kila msiba wa kwetu tangu nikiwa mtoto. Merikani ni ile shuka ya pamba nyeupe ya zamani. Doti ni mikono minane, inamtosha mtu kujifunga. Tulikuwa tukiyasubiri maneno hayo kama watu wanavyosubiri kiitikio.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anakata mizizi ya vitunguu, lundo kubwa mbele yake.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, ingawa shikamoo ya kwenu haishibishi. Umezunguka kijiji kizima, kwangu unafika leo? Watumwa mwisho?"

"Nimeacha kitamu cha mwisho."

"Mwongo kama baba yako. Kaa hapo. Na hako kadude kako usikaweke kwenye vitunguu, katanuka."

Nilicheka, nikawasha kinasa sauti, nikauliza swali nililouliza kila mahali: kwenu alichukuliwa nani?

Kisu kilisimama.

"Andika hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Kwetu hatukupotelewa na mtu. Sisi ndio tuliopotea."

Nilingoja amalizie mzaha. Hakumalizia. Alichukua kitunguu kingine, akakikata mizizi, akakiweka kwenye lundo, kisha akanisimulia bila kuniangalia. Bibi wa bibi yake alifika bondeni na msafara akiwa msichana ambaye bado hajavunja ungo. Mguu wake ulikuwa umevimba, hawezi kwenda. Mnyapara alitaka kumwacha porini. Babu yetu mmoja, ambaye misafara ikipita alikuwa akiiuzia mtama na mbuzi, alimtazama yule mtoto, akampa mnyapara doti moja ya merikani, aliyokuwa amelipwa asubuhi hiyohiyo, akamchukua. Mguu ulipona. Alichota maji ya nyumba ile maisha yake yote, na watoto wake wakachota, na watoto wao. Baadaye Mjerumani alipotangaza kwamba hataki kusikia habari za watumwa, wazee wa kwetu waliwaita wazee wa kwao wakawaambia: tangu leo ninyi ni watani wetu.

"Kwa hiyo ile ya doti moja…" nilianza.

"Ulidhani tunaitoa wapi?"

Nimewaona watani wa kweli kwa watu wengine, na nilipoolewa Mbeya nimekuwa mmoja wao. Utani una pande mbili. Leo unachimba wewe, kesho wanakuchimbia. Leo unamwaga matusi, kesho unayanywa. Nilikaa pale na daftari langu nikijaribu kukumbuka ni lini mtu wa kwetu alishika jembe kwenye msiba wa kwao. Tulikuwa tunakwenda. Tulikuwa tunachanga. Tulikuwa tunawekewa viti mbele. Nimelipwa mshahara kwa miaka ishirini ili nione kitu kisichosemwa katika jambo linalosemwa, na hiki kilikuwa kinapigiwa kelele juu ya makaburi ya kwetu, mimi nacheka.

Nikamuuliza anataka niandike nini.

"Nataka aingie kwenye makaratasi yako. Wote mmewaingiza wenu, mtu wa asali, mtu wa pembe. Yeye aingie wapi? Kwao alikotoka labda wanamtaja, labda hawamtaji, sijui ni wapi. Hapa aliyebaki anayejua ni mimi. Watoto wangu ukiwaambia doti ya merikani wanacheka kama wewe. Wanadhani ni utani. Nikifa, ndiyo basi."

"Nitamwandika."

"Ngoja kwanza. Wajukuu zangu wanasoma sekondari pale. Usiandike sisi ni nani. Andika ninyi mlifanya nini."

"Mtani, kijiji hiki? Si kila mtu atajua?"

"Kujua wanajua. Wakubwa wote wanajua. Kuwaandika watoto wangu ni kitu kingine. Na asome baba yako mkubwa, siyo wewe. Wewe ni mtu wa Mbeya."

Jioni ile, kabla jua halijazama, niliongeza sentensi tatu chini ya ukurasa wetu. *Na ukoo wetu ulimnunua msichana mmoja kwa doti moja ya merikani. Hatujui alikotoka. Leo tunamkumbuka pamoja na wetu.* Nilimpelekea baba mkubwa ukurasa. Alivaa miwani, akasoma hadi chini, akaivua, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Nani amekwambia?"

"Unajua ni nani, Baba."

"Mama," alisema, maana ndivyo anavyoniita akitaka nimsikilize, "unafikiri wazee walikuwa wajinga? Walikuwa na watu wale uani, hawawezi kuwarudisha, hawajui ni wapi. Wakafanyaje? Wakaweka utani pale palipokuwa na utumwa. Tukacheka pamoja. Tumekaa miaka yote hiyo hatujatoleana panga. Sasa wewe unataka kufukua."

"Yeye ndiye anataka."

"Yeye ni mzee, anakaribia kwenda, kama mimi. Watoto wake? Kesho wakigombana kisimani wataitwa nani? Na sisi tutaitwa nani? Kuna ukoo gani mwingine utakaosimama mbele ya wageni useme sisi tulinunua?"

"Hakuna. Nimewapitia wote."

"Umeona basi."

Sitaki kumfanya mtu mbaya. Kila alichosema kilikuwa na uzito, na nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba hakuna jina la mtu katika zile sentensi tatu zaidi ya la kwetu. Alikunja karatasi mara mbili akaitia mfukoni.

"Nimesikia," alisema.

Kwa watu wa nyumbani kwetu, *nimesikia* si *nimekubali*. Ni mlango uliorudishwa, haujafungwa wala haujafunguliwa. Kama angekuwa diwani au meneja ningemwuliza tena, na tena, mpaka atoe jibu. Kwa kuwa alikuwa baba mkubwa, niliaga.

Siku yenyewe maturubai yalifungwa uwanjani mwa kanisa. Kina mama walianza kupika tangu alfajiri. Wageni walikuwa kumi na mbili, wengi wao watu wazima wenye mvi. Nilikalishwa katikati yao ili sauti yangu iwafikie, na kulia kwangu alikaa mama mmoja mrefu, nesi mstaafu, aliyeweka kijitabu magotini na kuandika kila nilichotafsiri. Wao walisoma kwanza. Mama huyu alisoma kuhusu mama wa bibi yake, aliyezaliwa mtumwa kwenye shamba la pamba. Alisema wanamjua kwa jina moja tu, tena jina lenyewe ni la mwenye shamba. Nilipotafsiri, wanawake wa kwetu walitoa ile sauti ya kooni wanayoitoa kwenye misiba, na mama yule aligeuka kuwatazama kana kwamba wamemjibu kwa lugha yake.

Halafu koo zetu zikaanza. Mtu wa asali. Dada wawili. Yule aliyeitikia. Nilitafsiri kila kitu sentensi kwa sentensi, na kalamu ya yule mama haikutulia.

Baba mkubwa alisimama amevaa koti lake la harusi za watu. Alisoma vizuri, kwa sauti ya mwenyekiti. Akasoma habari za kijana na pembe. Akafika chini. Nilimwona akifika chini, maana karatasi niliiandika mimi na nilijua kila mstari umekaa wapi. Alikunja karatasi mara mbili, akasema, "Mungu awape pumziko." Watu wakaitikia amina.

Mtani alikuwa ameketi nyuma, karibu na masufuria. Aliinuka.

"We mzee! Mzee wewe! Umekula mistari!"

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Watu walijigeuza vitini, wakapata nafasi nzuri ya kuona. Mtani akiinuka, mtu mzima hujiandaa.

"Bado msichana wa merikani! Hamkusoma! Mlitoa doti moja, mmemsahau? Msomeni! Msipomsoma nirudisheni kwetu leo hii, na nauli mtoe ninyi!"

Uwanja mzima ulicheka. Mchungaji alicheka, mwalimu wa historia alicheka huku akipiga goti. Na baba mkubwa, aliyekuwa bado amesimama, akajibu kama mtu anavyopaswa kumjibu mtani wake, kama alivyomjibu miaka yote:

"Doti nzima kwa mguu mbovu! Tulipunjwa!"

Kina mama walipiga vigelegele. Mtu mmoja alibwaga kifuniko cha sufuria kwa kucheka. Mtani alibaki amesimama, mikono kiunoni, na ndiye pekee katika uwanja ule asiyecheka, ukiniondoa mimi. Alimtazama baba mkubwa. Kisha alinitazama mimi. Sikujua nifanye uso wa namna gani. Akakaa.

Yule mama mrefu akaniinamia, anatabasamu kwa kuwa wengine wanacheka. Akaniuliza huyu bibi amesema nini.

Nilikuwa na maneno yote. Nilikuwa nimeyaandika kwa lugha mbili. Nilimtazama baba mkubwa, aliyekuwa akijifuta jasho kwa leso, na wajukuu wa mtani waliokuwa wamesimama na sare zao za kwaya wakimcheka bibi yao, na nikasema kwa Kiingereza: anatania tu, ni desturi yetu.

"Wonderful," akasema, akaandika.

Baada ya ibada tulikula. Mtani nilimkuta kwenye benchi kando ya ukuta wa kanisa, sahani yake haijaguswa.

"Ulimwambia nini yule mama?"

Ningeweza kudanganya, na wala asingejua.

"Nilimwambia unatania."

Alichukua muda mrefu kuweka sahani chini.

"Hata wewe," alisema. Akaondoka kwenda nyumbani, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe hakuniachia tusi la kwenda nalo.

Nilirudi kwake kesho yake asubuhi. Nilikuwa nimetayarisha maelezo: jinsi nilivyoshtukizwa, jinsi nilivyowafikiria wajukuu. Hakunipa nafasi. Alikuwa kwenye vitunguu vilevile.

"Yule mama yuko wapi?"

"Iringa mjini. Wanaondoka mchana."

"Namba yake unayo?"

"Ninayo."

"Salio je? Au nikukopeshe na hilo?"

Nilipiga. Niliweka simu juu ya gunia, sauti ikiwa wazi, tukaiinamia wote wawili kama watu wanaopuliza moto. Mama yule alifurahi kusikia sauti yangu. Nikamwambia kwamba jana nilitafsiri vibaya kwa makusudi, na kwamba mwenye maneno yuko hapa na anataka ayapate sawasawa. Kisha nilitafsiri, safari hii bila kuruka neno: mguu uliovimba, mnyapara, mtama na mbuzi, maji, Mjerumani, watani. Nilichungulia mara mbili kuona kama mtandao upo.

Akauliza: alinunuliwa kwa kitambaa gani?

"Merikani," mtani alisema nilipomtafsiria, kabla sijajibu mimi.

Mama akauliza kwa nini kinaitwa hivyo. Nilimwambia ni kwa sababu kilitoka kwao, pamba ya kwao, kiliingia pwani kwa meli na kupanda hadi huku kwa mabega ya watu, kikawa ndiyo fedha ya misafara. Nilimwambia pia kwamba sijui mwaka, na sijui doti ile ilifumwa wapi, wala pamba yake ilichumwa na nani. Sharti langu la ukurasa wa kwanza nililishika angalau hapo.

Tukasubiri. Lori lilipita barabarani, na vumbi lake likafika hadi uani kwa mtani kabla simu haijasema kitu.

"Mwambie," hatimaye mama yule alisema, "kwamba sisi ndio tuliochuma."

Nilimwambia. Mtani alifikiri, kisu kikiwa hewani.

"Muulize walilipwa?"

Nilimwuliza. Hapana, mama alijibu. Hawakulipwa kitu.

"Basi hata hicho kitambaa kiliibwa," mtani alisema.

Nilipotafsiri hayo nilisikia upande wa pili pumzi ikivutwa, na baadaye kidogo sauti ya mtu anayepenga kamasi. Akauliza kama anaweza kuyasema haya kanisani kwao, siku yao ya ukumbusho.

"Huko nani anawajua wajukuu zangu?" mtani aliniuliza mimi. "Aseme. Aseme mpaka achoke."

Kwa hiyo amesomwa, yule msichana, mbele ya watu, mbali sana na hapa. Mama yule alinitumia ujumbe kunijulisha. Wote walisimama, alisema.

Lakini asubuhi ile nilikuwa bado na kazi moja. Mtani alinifukuza. "Nenda kamwambie mzee wako kabla hajasikia kwa mwingine." Nilimkuta baba mkubwa kwenye mfereji, suruali imekunjwa, anazibua takataka mlangoni pa shamba lake. Nilimweleza nilichofanya, tangu mwanzo. Hakuacha kazi. Nilipomaliza alisimama akanyoosha mgongo, akauliza swali moja tu.

"Umemwambia kwa lugha gani?"

"Kwa Kiingereza, Baba."

Niliona mabega yake yakishuka. Alikuwa ameyashikilia juu muda wote ule bila mimi kujua.

"Afadhali," alisema, na akarudi kwenye kazi yake. "Afadhali, mama. Karibu chai."

Nilikunywa chai yake. Nimekaa na neno lile *afadhali* Uyole kwa miezi kadhaa sasa. Nimelisikia nikichambua maharage, nimelisikia sokoni. Nimejiuliza kama haikuwa afadhali yangu pia, kama sikuona ni rahisi kusema ukweli kwa mtu ambaye angeondoka nao kwa ndege. Ndiyo sababu nimeandika haya kwa Kiswahili.

Kabla ya kuyatoa nilisafiri tena, nikamsomea mtani yote, ukurasa baada ya ukurasa, yeye akiendelea na kazi zake. Kumbukumbu za siku ile ya kaburi la baba yangu zilimchekesha. Alisema kuku tuliyempa alikuwa na kideri. Mahali pawili alinisimamisha. Pa kwanza alitaka nieleze kwamba bibi wa bibi yake hakuwa mtu wa kunung'unika, na kwamba aliimba alipokuwa akitwanga, wimbo ambao hakuna aliyeelewa maneno yake. Pa pili alinifutisha jambo. Nimelifuta. Baba mkubwa sijamsomea. Nilimpigia kumwambia kwamba nimeandika, na kwa lugha gani.

"Nimesikia," alijibu, akakata simu.